Wambura, Mtembeza Mbwa, na Siku Kumi Zilizomchanganya

Saa moja asubuhi, katika ukumbi wa chini wa jengo moja la ghorofa mjini Silver Spring, Marekani, Wambura amepiga goti sakafuni anamkagua mbwa shingo. Anasogeza manyoya, anatafuta kile kibati kidogo kinachoonyesha kwamba mnyama amechanjwa kichaa cha mbwa. Anakiona, anakisoma, anakisoma tena. Ndipo anamfunga mkanda.

Mbwa mwenyewe anaitwa Biscuit. Mnene kama mto wa kochi, na mwaka juzi alimng'ata Wambura mkono. Leo anamlamba sikio.

"Usijipendekeze," Wambura anamwambia kwa Kiswahili. "Mimi nakujua wewe."

Wambura ni mzaliwa wa kijiji kimoja karibu na Mugumu, mkoani Mara. Alifika Marekani kwa bahati nasibu ya viza, akaanza kwa kuegesha magari ya wageni hotelini huko Alexandria, kisha rafiki akamuunganisha na kazi ya kutembeza mbwa wa watu wanaoshinda ofisini. Kazi hiyo ndiyo inayolipa pango la nyumba. Kwao hakuna aliyeamini.

"Mama aliniuliza, kwani mbwa wa huko hawawezi kutembea wenyewe? Nikamwambia wanaweza. Akaniuliza, sasa wewe unalipwa kwa lipi? Mpaka leo sijui," anasema, akicheka mpaka anajishika mbavu.

Kicheko kinakatika likitajwa jina la Tobias.

Tobias alikuwa jirani yao, fundi baiskeli, Wambura akiwa bado mdogo. Aling'atwa na mbwa kwenye kifundo cha mguu, kidonda kikapona, watu wakasahau. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuogopa maji. "Ana kiu, anaomba maji, ukimletea anapiga kelele. Mtu mzima, jamani! Sisi watoto tulifukuzwa pale, lakini tulikuwa tumeshaona."

Tobias alikufa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, karibu kila anayeupata hufa. Wanaume wa kijiji wakachukua marungu, wakaua kila mbwa aliyekatiza mbele yao, na kijiji kikaamini kwamba mambo yamekwisha.

Kwa hiyo Biscuit alipomng'ata, Wambura alijua yatakayofuata. Mbwa atauawa leo, na yeye atafuata baadaye.

Hakuna hata kimoja kilichotokea. Lorraine, mwenye mbwa, alishuka mbio na cheti cha chanjo. Daktari alikiosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, akamchoma sindano ya pepopunda, akamwambia aende zake nyumbani. Afisa wa wanyama akapiga simu na kueleza utaratibu: mbwa akae ndani siku kumi, aangaliwe. Akibaki mzima, basi hakuwa na cha kumwambukiza mtu siku ile alipouma.

"Nikasema, hivi hawa watu wana akili timamu? Nimeng'atwa mimi, anayeangaliwa mbwa! Mimi natembea na bendeji, yeye anachemshiwa kuku!"

Kila siku alipita mlangoni kwa Lorraine kumchungulia mgonjwa asiyeumwa. Siku ya kumi Biscuit alikuwa mzima, tena ameongezeka uzito. Wambura akawa muumini. Akahadithia kanisani, akahadithia harusini, akahadithia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: wenzetu hawana papara. Wanatulia, wanasubiri siku kumi.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Asubuhi moja mwaka huu, simu iliita akiwa njiani na mbwa wawili. Alikuwa mdogo wake, Bilha, kutoka kijijini. Anitha, binti wa Bilha, mwenye miaka saba, aling'atwa pajani na mbwa wa jirani akiwa anateka maji bombani. Mbwa alikuwa hajachokozwa na yeyote.

"Kaka, nifanyeje?"

Sasa, kaka mkubwa aliye Marekani haulizwi kitu akasema hajui. Ataulizwa mipaka ya shamba, ataulizwa mahari, ataulizwa homa ya ng'ombe, na kote atatoa jibu. Kunyamaza ni aibu, na neno lake likishatoka, ukoo mzima hulifuata. Wambura akajibu papo hapo, kwa sauti ya mtu aliyeyaona.

"Relax, dada. Msiue mbwa. Mfungeni, mmwangalie siku kumi. Huku ndivyo wanavyofanya. Akiwa mzima, hakuna tatizo."

"Sawa, kaka," Bilha akasema, na simu ikakatika.

Wambura aliendelea na kazi, roho nyeupe kabisa. Mchana alimpeleka mbwa mmoja kliniki ya wanyama huko Rockville, anakofanya kazi Anysie, Mrundi ambaye wamezoeana kwa sababu ya Kiswahili. Akamsimulia kwa majivuno jinsi alivyookoa jambo kwa simu moja tu.

Anysie aliacha kupima uzito wa mbwa.

"Mbwa ule wa kwenu, walimuchanja?"

"Nani amchanje? Mbwa wa kijijini?"

"Na mutoto, ameshachomwa sindano?"

"Nimekwambia tunasubiri siku kumi!"

"Mais non, hapana, Wambura!" Anysie alipaza sauti mpaka mteja akageuka. "Siku kumi ni za mbwa, haziko za mutoto. Hapa wanangojea kwa sababu wanajua mbwa amechanjwa, na ugonjwa wa kuambukizana mbwa kwa mbwa hapa walishaumaliza. Kule hamujui kitu. Mutoto anaoshwa sabuni sasa hivi, anachomwa leo. Mbwa munaweza kumuangalia baadaye."

Wambura anasema kichwa chake kilijaa ukungu. Daktari ni daktari, mbwa ni mbwa, siku kumi ni zilezile alizozihesabu mwenyewe mlangoni kwa Lorraine. Vipi ziwe dawa Silver Spring na ziwe sumu Mugumu?

"Nilikuwa namwelewa na simwelewi. Kitu kimoja tu nilikielewa. Kama mtoto yule akifa, mimi ndiye niliyesema wasubiri."

Akampigia Bilha. Simu imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Akampigia jirani, hapokei. Alasiri nzima alitembea na mbwa bila kujua anakokwenda. Akamrudisha Biscuit kwenye ghorofa ya nne badala ya tano, akamkabidhi kwa mzee mmoja aliyefungua mlango na kubaki ameduwaa. Lorraine ndiye aliyeshuka kumfuata mbwa wake. Alikuwa amekuja kugomba, lakini alipouona uso wa Wambura akamuuliza nani amefariki.

"Sijui bado," Wambura alimjibu.

Asubuhi iliyofuata, Bilha akapokea. Nyuma yake zilisikika sauti za watu na mtoto akilia kwa hasira. Wambura akaanza kumwaga maneno: dada nisamehe, usisubiri, mkimbize mtoto hospitali, mimi nilichanganya.

"Kaka, hebu pumua," Bilha alimkatiza. "Tuko hospitali. Ameshachomwa."

Hakuwa amesubiri hata saa moja. Alimwosha binti paja kwa sabuni chini ya bomba lilelile, akambeba mpaka kituo cha afya. Chanjo hakuna. Wakalala hapo, alfajiri akapanda bodaboda na Anitha mpaka hospitali nyingine, wakaipata. Simu iliisha chaji njiani.

"Lakini uliniambia sawa!"

"Nilikuambia sawa kwa heshima," Bilha alijibu. "Tobias hakuwa jirani yako peke yako, kaka. Na mimi nilikuwepo."

Yule mbwa alifungwa nyuma ya nyumba ya mwenye mbwa, kama Wambura alivyoagiza. Alianza kutafuna kamba na kutokwa na mate. Siku ya tatu alikufa.

Wambura anasimulia haya akiwa ameketi kwenye benchi, Biscuit amelalia viatu vyake. Anitha alimaliza sindano zote, yu mzima, amerudi shule. Mjomba wake bado hajatulia.

"Nafurahi hakunisikiliza. Halafu naona aibu kwamba nafurahi. Halafu nakasirika, kwa nini hakuniambia? Sijui nishike lipi."

Mwakani, timu ya chanjo ya mbwa inatarajiwa kijijini. Bilha ameshaanza kupita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu walete mbwa wao na waanze kuwazoesha kamba, maana mbwa wengi hawajawahi kufungwa na wanakimbia wakiona umati. Wambura ameomba likizo ili awepo. Alikuwa amepanga pia kuhutubia mkutano wa kijiji.

Bilha amemkatalia.

"Maneno nitasema mimi," alimwambia. "Wewe njoo ushike mbwa."

Wambura ameshakata tiketi.