Si Saba

Kwetu watu hawahesabiwi. Ukiwahesabu, umempa Malaika wa Mauti orodha. Baba, Myahudi aliyezaliwa Yeoville enzi ambazo mtaa mzima ulikuwa wa Wayahudi, alifundishwa hivyo na mama yake. Mama, Mkongo wa Lubumbashi aliyeingia dini ya baba kabla ya ndoa, alifundishwa hivyohivyo na bibi yake, ambaye hakuwahi kumwona Myahudi hata kwenye picha. Hilo ndilo jambo pekee ambalo koo zetu mbili ziliwahi kulikubali kwa pamoja. Mengine yote, kuanzia pilipili hadi urefu wa sala, ni vita.

Sasa wewe una watoto tisa katika vyumba vitatu vya nyumba kuukuu pale Bellevue, na kuwahesabu ni mwiko. Utafanyaje? Unamzunguka malaika: unahesabu kwa kukana. Mama alikuwa akisimama jikoni na kupaza sauti: "Si mmoja!" Kaka mkubwa, popote alipo, akajibu, "Niko!" "Si wawili!" "Niko!" Hivyo hivyo hadi Si Tisa, ambaye alikuwa na miezi kumi na alijibiwa na yeyote aliyembeba. Wapangaji wa chumba cha uani, Watanzania wa Tanga, walidhani ni ibada.

"Jirani," mmoja alimwuliza mama, "hiyo dua yenu huwa inaomba nini?"

"Inaomba batoto banyamaze," mama akajibu.

Mimi ni Si Wanne. Mwaka huo, 2019, nilikuwa na miaka kumi na tano, na kazi zangu nyumbani zilikuwa mbili: kuosha vyombo vya nyama (vya maziwa ni vya dada, dini yetu hairuhusu kuvichanganya) na kuigiza watu. Nilimwigiza rabi anavyosafisha koo kabla ya kutukaripia. Nilimwigiza baba, ambaye Kiswahili chake ni cha mtu anayetafuna kiazi cha moto. Lakini niliyempatia kuliko wote ni Si Saba, mdogo wangu wa miaka sita, mwenye sauti ya mlango usiopakwa mafuta. Yeye huchelewa kujibu, kwa sababu Ijumaa jioni huwa chini ya meza na mkate wa Sabato mdomoni. Zamu yake ikifika kimya, nilimjibia mimi: "Niiiko!" Ndugu zangu walijiuma midomo. Mama hakuwahi kugundua.

Ijumaa ninayoisimulia ilikuwa ya ile wiki ya maduka kuvunjwa. Watu walikuwa wanawasaka wageni, na mgeni alikuwa yeyote anayefanana na mama. Asubuhi mama alituambia, "Kila mutu akitoka masomo, nyumbani. Sitaki kusikia habari ya kununua kitu spaza, sitaki kusikia habari ya rafiki."

Ila Ijumaa Si Saba hakai nyumbani mchana. Mama anapika vyakula vya siku mbili, na mtoto yule hugusa kila sufuria. Kwa hiyo tulikuwa tukimwacha kwa msusi mmoja Mkongo, rafiki wa mama, kwenye saluni yake Yeoville, na mimi humchukua kabla jua halijashuka. Hata siku hiyo alikuwa huko, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikamwona kaka mkubwa anatoka, nikamwambia, "Mpitie mdogo saluni."

"Sharp," akasema, yaani sawa, bila kutoa vitu vyake masikioni. Sasa najua aliuitikia muziki, si mimi.

Aliporudi sikuuliza. Mama akaita. "Si saba!" Kimya. Nikaangalia kitambaa cha meza, kikawa kama kimetikisika. Nikajibu: "Niiiko!"

Muda mfupi baadaye moshi ukaonekana upande wa uwanja wa Ellis Park, mweusi, wa matairi. Mama akaita upya, tangu mwanzo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Si saba!" Nikamjibia tena, na safari hii nikaongeza mbwembwe, kama mtu aliyekabwa na mkate. Mama akacheka. Alikuwa amesimama dirishani, anatazama ule moshi, na akacheka. Kisha akawasha mishumaa ya kuingiza Sabato.

Simu huzimwa sauti na kuingia droo mapema, mama anapoanza kupika, na mishumaa ikishawashwa haziguswi hadi kesho jioni. Hakuna kupiga, hakuna gari, hakuna kiberiti. Tukapanga mstari kwa ajili ya baraka. Kila Ijumaa baba hutuwekea mikono kichwani mmoja mmoja, mkubwa hadi mdogo, huku amefumba macho. Mimi humnung'unikia kwa sababu ya nywele zangu. Alimaliza Si Sita, akashusha mikono hadi kimo cha Si Saba. Mikono ikabaki hewani. Akapapasa huku na huku akitabasamu, akidhani mtoto amejikunyata kwa utundu.

"Yuko chini ya meza," nikasema.

Si Nane akainama, akainua kitambaa. "Hakuna mutu."

"Alijibu," mama akasema. "Nilimusikia. Mara mbili alijibu."

Ndugu zangu wote wakanigeukia kwa pamoja. Hata wale ambao kila wiki walikuwa wakicheka.

"Ni mimi niliyejibu," nikasema. "Nilifikiri yupo."

Nilisubiri kofi. Nililihitaji, kusema kweli. Mama hakuninyanyulia mkono. Alimtazama baba, na baba akaenda kwenye droo akaivuta. Sheria ninaijua, niliifanyia mtihani: roho ya mtu ikiwa hatarini, Sabato inavunjwa, na anayesita ndiye mkosaji. Nilipata alama nzuri. Lakini maishani mwangu sikuwahi kuona mwanga wa simu kwenye ndevu za baba Ijumaa usiku.

Msusi alikuwa amepiga mara kumi na nne. Kisha ujumbe: "Dada, banavunja maduka, nimefunga. Niko naye kwangu Bertrams. Mutume mutu. Tafazali." Baba akapiga. Haipatikani.

Mama alikuwa ameshavaa kandambili. Kaka mkubwa anafunga kamba za viatu. Baba akawaambia wote wawili wavue. Baba ni mzungu. Jioni ile ngozi yake ndiyo ilikuwa pasi ya kusafiria, na sisi wengine, wenye rangi ya mama, tulilijua hilo bila mtu kulitamka. Akachukua funguo za gari, akatoka peke yake.

Supu ikaganda mafuta. Si Nane akaniomba niigize sauti ya rabi. Nikampakata badala yake. Mama alikaa ameegemeza kichwa ukutani, midomo inacheza, sijui anasali kwa dini ipi, ya sasa au ile ya zamani.

Baba alirudi mishumaa imeshazimika. Alimbeba Si Saba begani kama gunia, na nyuma yake akaingia msusi na wanawe wawili na begi moja. Walinuka mpira ulioungua. Msusi alieleza akiwa bado amesimama: walijifungia bafuni, watu wanane wa ghorofa moja, taa wamezima, watoto wamezibwa midomo kwa viganja. Chini yao palikuwa na spaza. Walisikia mlango wake ukivunjwa. Walimsikia mwenye duka akiomba, muda mrefu, kisha hawakumsikia tena.

"Huyu wenu hakulia," msusi akasema. "Batoto bangu balilia. Huyu hapana."

Mama alimwogesha kwa maji yaliyobaki vuguvugu kwenye birika. Sikuruhusiwa kuingia. Hakuna aliyenikataza, nilifika tu mlangoni, mama akanitazama, nikarudi.

Asubuhi baba na kaka walitembea kwenda sinagogi. Si Saba alikaa mezani mbele ya sahani ya nyama na maharage, haigusi. Nikakaa karibu naye. Nikajaribu sauti ya baba, ile ya kiazi cha moto. Hakucheka.

"Mama aliniita?" akauliza.

"Alikuita. Mara mbili."

"Nani aliitika?"

"Mimi."

Akafikiri sana. Mtoto wa miaka sita akifikiri unaona kabisa kazi inavyofanyika usoni.

"Ndiyo maana hamukuja," akasema.

Akainua sahani yake kwa mikono miwili, polepole isimwagike, akaenda kukaa kwa wana wa msusi.