Gavana Aliyesema kwa Mdomo Wangu

Siku za kazi nasuka nywele mtaani Rosettenville, huku ugenini tulikokimbilia. Jumapili nawatafsiria wageni kanisani, Kiingereza kwa Kiswahili, katika ukumbi wetu wa Bertrams uliokuwa zamani gereji. Kwetu mfasiri hasemi "anasema kwamba". Mgeni akisema mimi, nawe unasema mimi. Akiinua mkono, nawe unainua wako. Ndivyo nilivyowahi kuacha pombe ambayo sijaionja maishani, na kuwaomba radhi wake wawili, mimi mwanamke. Naifurahia kazi hiyo kuliko inavyofaa.

Majuzi tuliletewa mzee wa Kimarekani, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo. Watu wa protokole, wanaopokea wageni kanisani, walimtafutia kiti kikubwa na kumzungushia vijana wenye suti, kwa sababu gavana tunayemjua sisi Wakongo hatembei peke yake. Huyu alibeba mkoba wake mwenyewe. Mchungaji alininong'oneza nisiache hata cheo kimoja.

Sikuacha. Nilizaliwa shambani, nikasema, baba akikamua ng'ombe wa watu. Nikasomea sheria, nikaingia bunge la jimbo, nikawa gavana. Wakanichagua tena. Mara ya tatu wakanikataa, nikafungasha vitu vyangu nikarudi nyumbani. Ukumbi mzima uliguna kwa mshangao: gavana ashindwe kura, aende zake tu! Watu walipiga makofi, nami nikayapokea kana kwamba ni yangu.

Kisha mzee akaikunja karatasi aliyokuwa akiisoma, akasema jambo ambalo halikuwa limeandikwa. Nililisikia kwa Kiingereza. Mchungaji, ambaye Kiingereza anakijua, alinikazia macho niliruke. Niliogopa, nakiri. Wengi waliokaa mbele yangu walikimbia nchi kwa sababu ya amri za wakubwa, na hawakuwahi kumsikia mkubwa hata mmoja akisema mimi. Mzee alikuwa ananingoja. Nikasema.

"Nilitia saini mfungwa auawe. Kalamu ileile ingeweza kumwachia uhai. Uchaguzi ulikuwa karibu, nikauogopa."

Hakuna aliyepiga makofi. Nilistaajabu kwamba mtu amevuka bahari na kuja kujivua nguo mbele ya watu asiowajua.

Ndipo akasimama mama mmoja muuza mboga, ambaye kwa miaka yote hajawahi kuomba neno. Sote tulijua kwamba huko mashariki ya kwetu mwanawe alikamatwa kwa amri ya gavana, na hakurudi. Aliuliza kama yule mfungwa alikuwa na mama. Nikampelekea mzee swali. Alijibu akiangalia sakafu. Mimi nilijibu nikimwangalia mama.

"Alikuwa naye. Alikuja akakaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu kutwa nzima. Nilitoka kwa mlango wa nyuma."

Mama akaja mbele taratibu. Nilidhani atamwendea mzee, lakini alisimama mbele yangu akanishika mikono yote miwili. Yake ilikuwa baridi.

"Na miye nilikalaka inje ya ofisi yako, papa," alisema. "Siku tatu, nikingojea mutoto wangu. Kumbe ulikuwaka ndani."

Hakuniachia mikono. Nikamgeuzia gavana uso, nikamwambia yote kwa Kiingereza, nikisema mimi.