Kura ya Sista wa Port Reitz

Mwezi uliopita mjukuu wangu alijifungua katika hospitali ya Port Reitz, nami nikaenda kumtazama mtoto. Nikiwa nangoja saa ya kuingia, alinipita muuguzi kijana amekumbatia shuka zilizotoka kupigwa pasi, zingali na joto. Harufu ile ilinipata puani nikajikuta nimeushika ukuta. Watu wakadhani ni kizunguzungu cha uzee, wakaniletea kiti. Sikuwaambia kitu. Wewe nitakuambia, maana kwa umri wangu huu jambo ukiliacha la kesho, huenda kesho usiwepo.

Mahali lilipotokea jambo lenyewe usipatafute, hutapaona. Siku hizo upande huu wa Changamwe ulikuwa mikorosho mitupu mpaka majini, na katikati ya mikorosho Waingereza walijenga hospitali ya askari kwa haraka ya vita: mabanda marefu ya mabati, na nyuma yake vijumba vya wauguzi wao. Sisi tulikaa ng'ambo ya korongo, mama, mimi na kaka yangu. Baba alifariki nikiwa sijatambaa. Kwa asili tulikuwa watu wa Rabai, tulioshuka kutafuta kazi, na kazi ya mama ikawa kufulia wauguzi.

Vitambaa vyao vya kichwani mama alivitia wanga wa muhogo, uji mwepesi alioupika mwenyewe, kisha akavipiga pasi ya makaa hata vikasimama kama vibao. Kazi yangu ilikuwa kupepea makaa na kunyunyiza maji kwa vidole. Nilikuwa na miaka tisa. Chakula kilikuwa taabu: mchele ulipatikana kwa kupanga foleni tangu asubuhi, na shuleni tulipewa uji wa ule unga wa manjano uliokuja na meli, wenye ladha ya gunia. Lakini saa za pasi zilikuwa saa zangu nzuri, kwa sababu mama akipiga pasi alisimulia, na alichosimulia kilikuwa kimoja tu, kaka.

Kaka alikuwa amekwenda Burma. Alikuwa mchukuzi bandarini, akaona wenzake wanajiandikisha jeshini, naye akajiandikisha, akamwambia mama siku ambayo tayari alikuwa amekwisha kunyolewa kichwa. Mwaka mzima tulipata barua mbili. Mwalimu wetu wa shule ya misheni ndiye aliyetusomea. Katika ile ya pili kaka aliandika kwamba mvua ya huko haipumziki, na ruba wanaingia hata ndani ya viatu. Mistari mitatu wakaguzi wa jeshi walikuwa wameipaka wino mweusi. Mama aliiinua barua ile juani mara nyingi, akitaka kuona kilicho chini ya wino. Baada ya hiyo hatukupata nyingine.

Miongoni mwa wauguzi kulikuwa na mmoja aliyekataa kuitwa memsahibu. Alitaka aitwe Sista, basi. Alikuwa mwembamba, mwenye madoadoa ya jua usoni, na Kiswahili chake alikiokota wodini kwa askari wetu. Wenzake waliacha nguo mlangoni, yeye alimkaribisha mama barazani akampa chai kwa kikombe kilekile alichonywea yeye. Aliwauguza waliorudi kutoka Burma, na kila meli ya majeruhi ilipoingia alitaja jina la kaka wodini, akauliza kama yupo anayemjua. Hilo hakuombwa, alilifanya tu. Mama alimpenda. Nami nilimpenda, na ndiyo maana nasimulia kwa shida.

Vita vya Ulaya vilipokwisha, vile vya Burma vikaendelea. Wakati huohuo ndipo zilipokuja habari kwamba Uingereza kutakuwa na uchaguzi, na askari na wauguzi walioko ng'ambo watapelekewa karatasi za kura kwa posta. Siku moja alasiri tulimkuta Sista barazani, bahasha ya karatasi ya kura imefunguliwa, na barua mbili mapajani. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama, kaa," akasema. "Mimi nataka uliza wewe."

Akaeleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Alikuwa amemwandikia kwamba safari hii lazima watu wa kazi wapate serikali yao, na mtoto wake akimpa kura mtu wa matajiri, asirudi nyumbani kwake. Mama yake naye aliandika kwamba bila yule mzee aliyeongoza vita wote wangekuwa maiti, na kwamba kumtupa sasa ni kumtukana kaka yake Sista, aliyekufa baharini akimpigania. Wazee wawili wa nyumba moja, na hawasemezani kwa sababu ya karatasi.

Mama aliitazama ile karatasi bila kuigusa. Ilikuwa na majina mawili tu.

"Huyo mzee wa vita yupo hapa?"

"Yeye hapana. Huyu wa juu mtu wake. Huyu wa chini mtu wa chama ya baba yangu."

"Na askari walioko Burma, nani atawarudisha?"

"Nani atashinda, yeye atarudisha," Sista akasema.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa hakuna aliyejua. Kwa Sista lile lilikuwa jibu la kumpoza mama wa watu. Kwa mama ulikuwa mlango. Akasema, "Basi nipe siku tatu, nikuletee jawabu." Sista akacheka kwa huruma, akakubali.

Siku tatu zile mama hakulala vizuri. Alikwenda kwa jirani yetu aliyekuwa akikaanga mahamri, mwanamke wa Kiislamu ambaye naye mwanawe alikuwa jeshini. Jirani akapangusa mikono yake yenye unga, akasema, "Wallahi, shoga, kama wangeniuliza mimi ningemchagua yeyote atakayemrudisha wangu hata bila mguu. Lakini nitamjuaje?" Kisha mama akaenda kwa mwalimu. Mwalimu alikuwa akisoma magazeti ya Kiingereza, akamwambia wale wapya wanawaahidi watu wao nyumba na matibabu, habari za watu weusi hakuziona. Jumapili mama alikaa kanisani baada ya wote kutoka. Nilimngoja nje mpaka miguu ikaniwasha.

Siku ya tatu akavaa leso zake mpya, akanishika mkono, tukaenda.

"Sista," akasema, "mchague wa juu. Yule mzee ndiye aliyewapeleka watoto, ndiye anayejua alikowapeleka. Huyu mgeni akiingia leo, ataanza kuuliza walipo, na mpaka aambiwe..." Hakumaliza.

Sista alimtazama kwa muda mrefu. "Ndiyo, Mama," akasema. "Asante."

Mama akaingia ndani kuchukua nguo chafu. Mimi nikabaki barazani. Sista akamwita mwenzake wa nyumba ya pili aje ashuhudie kwamba mwenye karatasi ni yeye, mwenzake akatia sahihi mahali pake akaondoka. Kisha Sista akachukua kalamu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Nilijua kusoma, lakini hata nisingejua, juu na chini mtoto anavijua. Aliweka alama yake chini.

Akageuka akaniona. Uso wake uliiva mpaka shingoni. Aliweka kidole mdomoni, kisha akanishika shavu kwa mkono wake uliokuwa baridi. Akaikunja karatasi. Mama akatoka na tita la nguo kichwani, akauliza, "Tayari?" Sista akaitika, "Tayari." Mama akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, na huku tita liko kichwani.

Njiani nilitaka kusema. Tulipofika kwenye korongo nilifungua mdomo, lakini mama alikuwa akiimba, na tangu barua zikome sikuwa nimemsikia akiimba. Nikanyamaza. Nikajiambia nitasema kesho.

Masanduku ya kura huko kwao yalikaa karibu wiki tatu bila kufunguliwa, yakingoja karatasi za askari. Wiki zile mama alikuwa na furaha ya ajabu. Alipaka chokaa chumba cha kaka, akashona godoro la sufi. Alipopiga pasi alinisimulia hadithi za kaka zaidi ya wakati wowote, kana kwamba anazitoa kabatini kuzipunga hewa kabla mwenyewe hajafika. Nami nilisikiliza nusu, maana nusu nyingine ilikuwa ikiuma.

Mwalimu ndiye aliyeleta habari kwamba mzee wa vita ameshindwa, tena kwa mbali. Mama aliuliza mara mbili. Kisha akasema polepole, "Sasa nani anajua walipo?"

Haikupita muda mrefu vita vikaisha vyote. Meli bandarini zikapiga honi mchana kutwa, watoto tukarukaruka. Mama hakutoka nje. Na baada ya hapo, siku ya Jumanne, akaja tarishi wa serikali na bahasha. Jirani alikuja na unga mikononi, mwalimu akaitwa. Akasoma kimyakimya kwanza, na alipoinua macho sote tulijua. Kaka alifariki kwa homa, hospitali ya porini huko Burma, kabla ya Pasaka. Barua ilizunguka miezi yote hiyo kwa sababu jina la kijiji chetu lilikosewa.

Kabla ya Pasaka. Fikiria, mwenzangu. Siku mama alipokwenda kwa Sista na leso mpya, kaka alikuwa amekwisha kuzikwa. Chumba kilipakwa chokaa kwa ajili ya mtu aliyekuwa kaburini.

Asubuhi yake mama alikwenda na ile barua kwa Sista, nami nikamfuata. Sista aliisoma, akaanguka magotini akamkumbatia mama miguu, akalia kwa sauti mpaka wenzake wakachungulia madirishani. Kisha, kwa nini sijui, pengine alidhani ukweli utapunguza, akasema:

"Mama, nisamehe. Mimi sikufanya kama wewe sema. Mimi piga kura ya baba yangu."

Mama aliuweka mkono wake juu ya kile kitambaa cheupe cha kichwani, alichokitia wanga kwa mikono yake mwenyewe.

"Karatasi ilikuwa yako, Sista," akasema. "Wangu alikuwa mtoto. Ungeniambia tu."

Kisha akanigeukia. Sijui aliona nini usoni mwangu.

"Na wewe ulijua?"

"Abee, mama."

"Nakuuliza ulijua?"

"Nilijua."

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Aliitikia kwa kichwa, akafunga barua katika pindo la leso, tukarudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma.

Aliendelea kumfulia Sista mpaka hospitali ilipovunjwa na wauguzi wakarudishwa kwao. Siku ya safari alimpigia pasi nguo zote, akazikunja moja moja, akamwombea safari njema. Kuagana gatini hakwenda. Sista aliandika barua mbili kutoka Uingereza. Nilimsomea mama, akasema, "Mungu ampe afya." Kujibu hakunituma, nami kwa hiari yangu sikujibu.

Kwangu mama hakubadilika kwa jambo lolote ambalo mtu wa nje angeliona. Alinisomesha kwa jasho lake, akaniozesha kwa heshima, akanilelea wanangu. Alininenea maneno mazuri mpaka siku ya mwisho. Ila tangu asubuhi ile, alipopiga pasi, alipiga pasi tu. Jina la kaka hakulitaja tena mbele yangu. Nilipokuwa mkubwa nilijaribu, nikamwambia, "Mama, nisimulie alipokuwa mdogo." Akanitazama kwa upole mkubwa, akasema, "Nimesahau, mwanangu." Hakuwa amesahau. Nilimsikia mara moja uani kwa jirani, wazee wote wawili, akicheka huku akisimulia jinsi kaka alivyomfundisha mbuzi kupanda ngazi. Nilipotokea, akanyamaza, akauliza kama nimekula.

Sasa mama hayupo, jirani hayupo, mwalimu hayupo. Picha ya kaka haikuwahi kupigwa. Kaburi lake liko katika nchi ambayo hakuna mwingine wa kwetu aliyewahi kuikanyaga. Niliyebaki wa kumjua ni mimi peke yangu, na wanangu wakiniuliza mjomba wao alikuwa mtu wa namna gani, zile za wakati wa pasi, nilizozisikiliza nusu, zimenitoka zote; ninacho hicho kipande cha mbuzi tu, nilichokisikia nimesimama nyuma ya ua. Ninawasimulia, wanacheka, kisha wanasema, "Haya, na nyingine?" Nami sina nyingine.