Gitaa Langu Nyuma ya Pazia la Malindi

Niliondoka Kitale kwa sababu ya bendi iliyovunjika. Tulikuwa wanne, tukipiga kila Jumamosi katika baa moja karibu na stesheni. Mmoja akaoa na kuacha muziki, mwingine akahamia Eldoret, wa tatu akauza ngoma zake. Nilibaki mimi na gitaa langu la umeme lililotengenezwa Japani, la rangi ya chungwa lililoiva. Jioni nililipiga bila umeme, peke yangu, na sauti yake ilikuwa kama mtu anayenong'ona katika chumba kilichohamwa.

Ndipo alipopita Katana, mpiga besi, Mgiriama wa Kakuyuni, karibu na Malindi, aliyekuwa akizunguka bara na bendi moja ya Mombasa. Alinisikiliza kidogo, akacheka.

"Wafula, hapa hata mahindi yamekuchoka. Twende Malindi. Bendi yetu ya nyumbani haina mpiga gitaa."

Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa nakaribia arobaini bila mke wala shamba la jina langu. Katana alikuwa na safari zake za kumaliza, kwa hiyo alinielekeza tu nyumbani kwao. Wiki haikupita nikafunga gitaa ndani ya blanketi na kwenda.

Nairobi nilipanda gari moshi. Sikumbuki mengi ya njia ile, ila mlio wa magurudumu ulioingia ndotoni na kugeuka kuwa wimbo, na nilipoamka wimbo umenitoka. Mariakani kulikuwa kumekucha. Minazi ya kwanza ilisimama katika ukungu mwepesi, na hewa iliyoingia dirishani ilikuwa na unyevu wa nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka.

Kutoka Mombasa basi lilielekea kaskazini. Vipingo, mistari ya makonge ilifunguka na kufungwa pembeni mwa barabara kama vitabu, hata macho yakalegea. Kilifi tuliteremka wote ili basi lipande feri likiwa tupu. Upepo ulileta harufu ya korosho zinazochomwa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza alinitazama juu hadi chini.

"Wewe watoka bara."

"Umejuaje, mama?"

"Wavaa koti."

Nilivua koti langu juu ya feri, huku maji ya kijani yakipita polepole chini yetu, na tangu siku ile sikulivaa tena.

Malindi nilipokewa na Bwana Omari, mwimbaji na kiongozi wa bendi, mtu mwembamba mwenye kofia safi na ulimi usiopumzika. Bendi yake ilikula sahani mbili. Katikati ya wiki tulipiga katika hoteli moja ya ufukweni, nyimbo za taratibu, wageni wakila samaki. Mwisho wa wiki tulipiga harusi za mjini. Baada ya majuma machache aliniita kando.

"Sikiza, Bwana Wafula. Vidole vyako sina neno navyo. Lakini gitaa lako lajua lugha moja tu. Hoteli yataka kubembelezwa, nalo lapiga mayowe. Kisha lavuma kama nyuki kila pangaboi za darini zikiwashwa."

Alisema kweli. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme hukaa sumaku, zimezungushiwa waya mwembamba kama unywele. Hizo ndizo zinazonasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya, na hizo ndizo koo la gitaa. Langu lilikuwa na mbili, zote za waya mmoja mmoja: kali, nyepesi, nzuri kwa muziki wa kwetu wa kukimbizana, basi.

"Kuna kijana Mombasa ana kinanda cha umeme," akaendelea Bwana Omari. "Sauti zote zimo ndani, abonyeza tu. Nakungoja mpaka harusi za baada ya Idd. Ukishindwa, nafasi ni yake, na tusilaumiane."

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Shela chenye dirisha linalotazama mkwaju. Nilikuwa nimeanza kusalimiwa kwa jina. Usiku ule nililala nikihesabu miji niliyowahi kuiacha, nikaona sitaki kuuongeza huu.

Mtwapa nilifika na Katana, ambaye wakati huo alikuwa amerudi. Alimjua mpiga gitaa mmoja Mkamba, Mutiso, aliyevunjikiwa shingo ya gitaa katika fujo za baa na sasa anauza vipande vya gitaa hilo. Alitukaribisha katika chumba chake cha kupanga, akamwaga sumaku juu ya kitanda.

"Hizi za waya mmoja zina mizunguko mingi kuliko zako," alisema. "Zitakupa nguvu, lakini mvumo utabaki. Hizi nazo ni pacha. Mbili zimelala bega kwa bega ndani ya kifuniko kimoja, na mvumo wa moja huuzima wa mwenzake."

Vifuniko vya zile pacha vilikuwa vya chuma cheupe kinachong'aa. Nilijiona uso ndani yake, mdogo na mrefu.

"Nichukue pacha moja, nibakishe moja yangu ya zamani?"

"Wewe! Mtu hushonesha suruali mguu mmoja? Chukua zote, mbele na nyuma. Gitaa liwe la watu wazima."

Katana alikuna kichwa, akasema yeye ni mtu wa besi. Nilivua saa yangu nikampa Mutiso, tukaondoka na pacha mbili ndani ya soksi.

Kakuyuni, nyumbani kwa kina Katana, nilifanya kazi ya kuzipachika. Nilikuwa nimetengeneza redio Kitale, kwa hiyo kulehemu sikukuogopa. Nilipanua matundu ya mbao kwa patasi, nikapasha chuma kwenye makaa, risasi ikayeyuka na kutoa moshi wake mtamu. Mama yake Katana alipita na ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wachoma nini, mwanangu? Kama ni dawa ya panya, weka mbali na kuku."

Sumaku zangu za zamani nilizitia katika mkebe wa kahawa, nikazisahau.

Hotelini, sauti mpya ilitoka nene na ya joto. Pangaboi zilizunguka, gitaa halikuvuma hata kidogo. Wageni waliacha uma zao mezani na kusikiliza. Bwana Omari alinipa jicho la upande, lile la kusema tutaona.

Tukaona harusini. Kwa desturi ya mjini, sherehe ya wanawake ni ya wanawake. Sisi wapigaji tuliketi ukumbini nyuma ya pazia la leso zilizoshonwa pamoja, hatumwoni mtu, hatuonekani. Kwangu harusi ilikuwa harufu ya udi na asumini, vivuli vikipita kwenye kitambaa, na miguu. Kwa miguu ndiyo mpigaji hujua. Ikikaza, unapiga vizuri.

Siku ile miguu ililegea. Chakacha, ule mchezo wa kiuno, ilianza, ngoma zikashika, lakini gitaa langu lilizama chini yake kama jiwe kwenye uji. Niliongeza sauti, likazidi kuzama. Miguu ikasita, kisha ikanyamaza. Sauti ya mwanamke ikaja karibu na pazia, nzito na ya kukwaruza kidogo.

"Nyinyi wanaume! Gitaa lenu limekula nini leo?"

Alikuwa Bi Rukia, shangazi wa bibi harusi. Hakuna bendi iliyoajiriwa mtaani bila yeye kukubali.

"Ni sumaku mpya, bibi," nikajibu.

"Mpya! Mbona lanena na blanketi mdomoni? Lile la zamani lilikuwa na makelele, lakini lilikuwa hai."

Wanawake wakacheka. Bwana Omari aliinamisha kichwa juu ya maikrofoni yake. Tulimaliza kwa nyimbo za kuimba tu, bila gitaa, na wakati tukifunga vyombo sauti ile ikarudi.

"Omari, wiki ijayo namwoza binti wa dada yangu. Alhamisi leteni gitaa hilo kwangu tulisikize. Likiwa hivi hivi, kawapigieni wageni wenu hotelini."

Kakuyuni tena, nilifungua kila kitu. Nilirudisha moja ya sumaku za zamani upande wa nyuma, karibu na daraja la nyuzi, mahali panapouma zaidi. Mbele niliacha pacha, lakini nilivua kifuniko chake cha kung'aa, nikatafuta pale waya za hao wawili zinapokutana, nikalehemu waya wa tatu mpaka kwenye swichi ndogo. Ukiisukuma, mmoja wa pacha analala na mwenzake anaimba peke yake. Sasa nilikuwa na sauti kadhaa katika gitaa moja, na sikujua ipi ni ya kina Bi Rukia.

Alhamisi alasiri tulitandikiwa mkeka katika ua wa nyumba yake, mjini. Leso zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba. Upande wa pili nilisikia vikombe na kicheko.

"Haya, anza," akasema Bi Rukia. "Usituambie ni ipi. Sisi hatutaki majina, twataka sauti."

Nilipiga sumaku ya nyuma peke yake.

"Sindano," akasema mmoja.

"Nzuri, lakini yatoboa masikio," akasema mwingine.

Nikapiga ile ya mbele, pacha wote wawili.

"Blanketi hilo limerudi!" Wakapiga makofi ya dhihaka. "Mfunikeni nalo Omari."

Nikamlaza pacha mmoja. Walinong'ona, wakabishana. Bibi mmoja alisema ni kama maji ya kisima, mwingine akasema maji ya kisima hayachezeki. Jua lilikuwa limeshuka kwenye ukuta, na leso mbele yangu zilijaa mwanga wa njano, vivuli vya vichwa vikielea ndani yake. Nikasukuma swichi kubwa, ile ya kuchagua sumaku, mpaka katikati, yule mmoja wa mbele na ule ukali wa nyuma viimbe pamoja. Sikutarajia kitu. Nilikuwa nimeijaribu mara moja tu Kakuyuni, nikaiona hafifu.

Upande wa pili vikombe vikawekwa chini. Nilitazama vidole vyangu, nikaendelea, kwa kuwa sikuambiwa niache. Kisha nikasikia mikeka ikikwaruza sakafu. Walikuwa wakisimama. Miguu ikagusa chini, mmoja, wengi, ikakaza. Vivuli vyote kwenye pazia vikaanza kwenda upande mmoja, polepole, kama majani ya bahari yanapovutwa na mkondo.

"Hapo," akasema Bi Rukia, akihema. "Hapo hapo, usiguse kitu tena."

Harusi ya binti wa dada yake ilichezwa mpaka viatu vikapotea. Hotelini niliwasha pacha wote wawili, wageni wakabembelezwa. Bwana Omari hakumtaja tena kijana wa Mombasa, nami nilikaa Malindi misimu mingi kuliko nilivyowahi kukaa mji wowote. Kila mwisho wa wiki sauti ile ya kukwaruza ilinijia kupitia kitambaa: chapua, punguza, rudia ile. Sikumjua uso, na yeye hakunijua wangu.

Kisha masika moja nilikuwa Kakuyuni, mvua ya kwanza ikaangukia udongo, na wanawake wakatoka na majembe kupanda mahindi. Harufu ile ilikuwa ya Kitale. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilitaka tu kwetu.

"Nenda," alisema Bwana Omari nilipomweleza. "Ukenda wewe, twapata mpigaji. Likenda gitaa, twaanza upya na Bi Rukia."

Nilifikiri siku mbili. Katana alikuwa amejifunza gitaa kwangu kila tulipopumzika, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Nilimwachia.

Siku niliyoondoka moja kwa moja, nilikuwa nikingoja basi pamoja na Katana asubuhi, akasimama mbele yetu mama mfupi mnene aliyevaa buibui, na kikapu mkononi.

"Katana, huyu ndiye?"

Niliijua sauti kabla sijainua macho.

"Ndimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba." Alinipima kwa macho. "Miaka yote hii nilidhani u mrefu."

"Pole, bibi."

"Na gitaa?"

"Linabaki na Katana."

"Alhamdulillahi," akasema, akanipa halua iliyofungwa kwa karatasi, akaenda zake sokoni.

Nilicheka mpaka Kilifi. Juu ya feri nilifungua ile karatasi, nikala huku ng'ambo ikikaribia polepole. Mikono yangu ilikuwa mitupu, na haikuniuma kama nilivyoogopa. Nilijifunza pwani kwamba kitu ukikitengeneza vizuri kitapata kwao mahali ambapo huenda si kwako, na kwamba mtu anaweza kupendwa sana na watu ambao hawajapata kumwona.