Salamu za Asubuhi na Kiti cha Udiwani

Mimi ni mtu wa kujisifu, sifichi. Kila asubuhi, pale Sumbawanga mjini, nilisoma redioni habari za mkoa, kisha salamu za wasikilizaji. Na salamu sikuzisoma kavukavu, nilizitia vina. Mama wa Malangali akimsalimia mumewe aliyekwama na lori Kasesya, nilimtungia beti mbili: moja ya mapenzi, nyingine ya kumkumbusha alete sabuni. Watu walisimamisha majembe shambani ili wasikilize.

Basi kichwa kikavimba. Nikajiambia kwamba sauti kama hii ikiishia redioni ni hasara, nikagombea udiwani. Utaratibu wa redio yetu ulikuwa kwamba mgombea hashiki kipaza sauti, hivyo nafasi yangu alipewa mwenzangu mmoja aliyesoma salamu kama anatangaza bei ya mbolea.

Kile kiti nilikitaka, jamani. Nilikitaka hadi chakula kikanishinda. Mama yangu alinizungusha nyumba kwa nyumba, yeye mbele na hodi zake, mimi nyuma na shikamoo zangu. Mikutanoni nilighani mashairi ya mitaro na barabara, watu wakaitikia kwa vigelegele. Mpinzani wangu, seremala mpole, alikuwa akisema maneno machache na kukaa. Nilimwonea huruma.

Mkutano wa mwisho, bibi mmoja akasimama.

"Mwanangu, ukishinda, utarudi kutusomea salamu zetu?"

"Bibi, diwani ana kazi nzito. Salamu watasoma wengine."

Walipiga makofi, ila yale ya adabu tu. Nikadhani jua limewachosha.

Nilishindwa vibaya. Niliumia, nikalia mbele za watu bila aibu. Niliporudi redioni, macho bado yamevimba, nilikuta mlangoni debe la ulezi, majogoo wawili, na akina mama wakiimba utadhani naolewa.

"Karibu nyumbani!" wakasema.

Hasira zikanipanda. "Siku ya kura mlikuwa wapi?"

Wakatazamana, wakaangua kicheko. Hapo ndipo nilipoelewa.

Nilikwenda moja kwa moja kumshtakia mama. Nilimkuta uani anapepeta ulezi.

"Mama, wamenichezea! Wamemchagua seremala ili mimi nibaki redioni!"

Hakuinua uso. Ungo ukaendelea kwenda juu na chini.

"Mama yako mdogo yuko kule Kasanga," akasema. "Tangu uache kusoma, kila salamu ninayomtumia inamfikia kama taarifa ya msiba."

Nikamkodolea macho. "Mama! Hata wewe? Si tulizunguka wote?"

"Kampeni nilikufanyia, mwanangu," akasema, akipuliza makapi. "Kura ilikuwa yangu."

Nilimnunia hadi kesho yake asubuhi. Salamu za kwanza nilizosoma zilikuwa zake, za kwenda Kasanga, nami nikazitungia beti nne.