Kiuno Kiliongezeka, Mabega Yakapungua

Wasomaji wangu, Jumanne iliyopita alifariki mteja wangu wa siku nyingi, baba wa Kikongo kutoka Likasi, jirani yangu hapa Berchem, Ubelgiji. Jina lake silitaji. Mke wake ameniomba, na hilo nimemkubalia. Aliniomba na mengine niyanyamazie, hayo nimekataa. Mimi ni fundi cherehani, shule yangu iliishia darasa la saba, na nina daftari la vipimo. Daftari hilo linaniuma kuliko msiba wenyewe.

Kila mwaka chama chao cha Wakongo hushona sare ya kitenge kwa sikukuu yao, na kila mwaka nilimpima upya. Mwaka aliokatwa kidole tumbo, kiuno chake kilikuwa sentimita tisini na nne. Kidole tumbo kilipasuka ghafla, akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani, tukampelekea supu, tukadhani yamekwisha. Mwaka uliofuata kiuno kikawa mia na moja. Uliofuata tena, mia na kumi na mbili. Alisimama mbele ya kioo changu akajipiga tumbo. "Maman, ongeza tu kitambaa. Hii ni tumbo ya amani, Belgique inanikamata muzuri." Nikamjibu, "Papa, amani yako inanimalizia kitenge." Tukacheka. Wenzake waliokuwa wakingoja zamu wakamwita bosi, mmoja akamuuliza anakula nini ili naye ale. Ndivyo tulivyo: mtu akinenepa ugenini tunampongeza, kwa sababu tumbo ni picha nzuri ya kutuma nyumbani. Lakini nilipofika mabegani, tepu ilionyesha yamepungua sentimita mbili. Mikono nayo imekonda. Fundi yeyote anajua kwamba mtu anayenenepa hanenepi mahali pamoja. Niliona, nikaandika, nikageuza ukurasa.

Miezi michache baadaye nikakatwa mimi kidole tumbo. Baada ya wiki mbili daktari wa upasuaji aliniita, akanikalisha, akanieleza polepole. Wanachokikata hupelekwa maabara kikaangaliwe, na ndani ya changu wamekuta uvimbe. Upo wa aina nyingi, akasema. Mwingine ni mdogo, ukishatolewa na kidole tumbo umekwisha. Mwingine hutoa ute kama jeli, na kidole tumbo kikipasuka, ute ule humwagika, ukaanza kujaza tumbo kidogo kidogo, mwenyewe akidhani ananenepa. Aliposema hivyo sikujifikiria mimi. Nilikiona kioo changu, na papa yule akijipiga tumbo. Mimi walinirudisha chumba cha upasuaji wakakata na kipande cha utumbo, na mpaka leo niko hai. Nilipoweza tu kupanda ngazi nilikwenda kwake. "Papa, karatasi ya maabara iko wapi?" "Karatasi gani, maman? Walikata, bon, ilikwisha."

Nikamvuta mpaka kwa daktari wake wa mtaani, nikagoma kutoka pale mapokezi mpaka faili lifunguliwe. Karatasi ilikuwemo. Ilisema uvimbe umeonekana, mgonjwa apigwe picha ya tumbo na afuatiliwe. Ilikuwa imelala mle miaka miwili. Daktari akasema alidhani hospitali ilimwambia. Hospitali nayo ilidhani daktari atamwambia. Papa akazisikiliza dhana zote mbili, mkono juu ya tumbo, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Donc, ile yote haikuwa mafuta?" Walimpasua siku nzima, wakachota ute, wakamwosha tumbo kwa dawa ya saratani iliyopashwa moto. Sitaki kumtisha mtu: wapo wengi ambao tiba hiyo imewapa miaka. Yeye tulimchelewesha.

Msibani mwenyekiti wa chama alinivuta pembeni. "Maman, sasa si wakati ya kutafuta mwenye makosa." Nikamwambia wakati wake ndio huu, wote tukiwa chumba kimoja. Mwenye makosa ni daktari aliyeifungia karatasi. Ni hospitali iliyotuma barua na isiulize imefika kwa nani. Ni ninyi mliomwita bosi. Na ni mimi, niliyekuwa na tepu mkononi nikachagua kucheka.

Kwa hiyo nawaambia, na atakayenuna anune: kitu kikikatwa mwilini mwako, kadai karatasi ya maabara, usomewe mpaka mstari wa mwisho, hata kama Kifaransa chako ni cha sokoni kama changu. Na tumbo likikua huku mabega yakiisha, usikubali pongezi za mtu. Juzi alikuja mzee mwingine wa chama kilekile na kitenge chake cha sare, tumbo limetangulia. Nikampima, nikamuuliza kama ana kovu upande wa kulia. Analo. "Maman, nilikuya kushona, hapana kuungama." Nikamwambia sikati mpaka alete karatasi. Akasema basi atakwenda kwa fundi mwingine. Aende. Kitenge chake kiko kwenye rafu yangu, na ufunguo wa duka ninao mimi.