Mbwa wa Adabu wa Thadeus Anyona

Thadeus Anyona wa Kiogoro alizalisha mbwa kwa miaka kumi na minane, na mimi jirani yake ndiye niliyemwandikia daftari. Kazi yake ya kwanza ilikuwa useremala, na jicho la fundi ndilo alilotumia hata kwa mbwa. Alipenda mbwa wa aina ya shepadi ambaye mgongo wake unateremka kutoka mabegani hadi mkiani kama paa la nyumba. Wateja wake, watu wa maofisi na maduka ya Kisii mjini, nao walipenda hivyo hivyo.

Hakumtoa mtoto wa mbwa kabla ya miezi mitano. Alitaka kwanza umbo lionekane, na alikuwa na mtihani wake. Shamba lake linashuka kwa ukali hadi kijitoni. Mkewe, Mama Sheila, aliwapeleka watoto wa mbwa chini kabisa, kisha Thadeus akasimama juu penye migomba na kupiga mluzi. Miaka ya mwanzo wengi walipanda mbio wakikanyaga sukuma wiki. Wachache walipanda kidogo, wakakaa kitako, wakatulia, ndipo wakaendelea. Hao ndio aliowapenda.

"Andika, ana adabu," aliniambia. "Na yule anayeruka kwa miguu yote miwili ya nyuma, andika, anacheza kama sungura."

"Hao mbwa wana adabu kukushinda," Mama Sheila alisema akipanda nyuma yao, akihema. "Wewe ukiitwa chakula huji."

Wenye adabu na mgongo wa kuteremka ndio waliobaki nyumbani ili wazae. Niliandika mama, baba, tarehe, tabia na jina la mnunuzi, kizazi baada ya kizazi, kwa kalamu ya buluu.

Mwaka jana, Julai, Kamanda alishindwa kuinuka. Alikuwa dume bora kuliko wote, na umri wake ulikuwa miaka minne tu. Alijivuta kwa miguu ya mbele hadi mlangoni, ya nyuma ikiburuta sakafuni, akalaza kidevu juu ya kiatu cha Thadeus.

Daktari wa mifugo, Linet, alikiomba sana kituo kimoja cha eksirei mjini hadi wakakubali kumpiga mbwa picha. Siku ya pili alikuja nayo, akaiinua dirishani.

"Mzee, ona hapa. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kuingia ndani ya kibakuli cha nyonga. Kibakuli cha Kamanda kimekuwa sahani, mfupa unateleza tu. Na huku kwenye uti wa mgongo, kati ya pingili, vimeota vijifupa."

"Aliteleza matopeni wakati wa mvua," Thadeus alisema. "Nilimwona."

"Hii haikuanza na mvua. Nyonga legevu mbwa huzirithi kwa wazazi. Wazazi wake ni akina nani?"

Nilimpa daftari. Nilikuwa nalijivunia kidogo, nakiri. Alisoma bila haraka, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akafungua ukurasa mwingine, akaweka kidole tena. Akarudi nyuma miaka sita, saba.

"Nani aliandika haya maneno?"

"Ni mimi," nikasema.

"Ana adabu, hukaa njiani. Ana adabu. Anacheza kama sungura. Ana adabu, hukaa njiani." Alifunga daftari. "Mtoto wa mbwa wa miezi mitano hakai katikati ya mlima kwa adabu, mzee. Huenda anakaa kwa sababu nyonga zinamuuma. Na anaruka kama sungura kwa sababu mguu mmoja peke yake hauwezi kumsukuma."

Mama Sheila, aliyekuwa akileta chai, alisimama na birika mkononi.

"Daktari," Thadeus alisema, "mimi niliwahi kuwapiga? Niliwanyima chakula?"

"Hapana. Uliwachagua. Kila mara uliacha azae yule anayeumwa zaidi."

Baada ya daktari kuondoka nilihesabu. Mbwa arubaini na mmoja walitoka katika boma lile, na ishirini na saba nilikuwa nimewaandikia adabu. Mwandiko ulikuwa safi. Hakuna hata neno moja nililokuwa nimelikata.

Kamanda alipewa dawa ya maumivu, na daktari akaagiza atembezwe mahali tambarare. Kwao mahali tambarare ni uani tu, pale pa kuanika mahindi. Thadeus alimzungusha hapo, mara nne, mara tano, akimshikilia kiuno kwa gunia alilolipitisha chini ya tumbo.

Jumapili alikuja Mwalimu Beverlyne kutoka Ikonge. Jumamosi ni Sabato yake, Thadeus hapokei wateja. Watoto wanne wa mwisho wa Kamanda walikuwa wametimiza miezi mitano, na mwalimu alikuwa ameahidiwa mmoja. Mama Sheila aliwashusha kama kawaida, Thadeus akapiga mluzi. Watatu walifika juu na matope. Wa nne alipanda, akakaa. Akapanda tena, akakaa.

Mwalimu alicheka. "Huyo ndiye wangu. Ona alivyotulia, kama mtoto wa mchungaji."

"Yule haendi, mwalimu."

"Umeshamwahidi mtu?"

"Hapana. Anaumwa."

"Mbona hata halii?"

"Ndivyo wanavyoumwa hawa," Thadeus alisema. "Hata mimi sikujua."

Akashuka mwenyewe, akarudi amembeba mikononi, miguu yake ya nyuma ikining'inia. Akamwambia mwalimu kwamba hata wale watatu hawatoki mpaka wapigwe picha, na kwamba hakuna atakayezaa tena pale. Mwalimu aliondoka na kamba mpya aliyokuja nayo ya kumfungia mbwa.

"Leta daftari," Thadeus aliniambia. "Nisomee walio nao. Si mbwa, watu."

"Wote?"

"Anza na wa kwanza. Kama wake amekufa, nitamuuliza alikufaje."

Nilifungua ukurasa wa kwanza nikasoma jina la Mzee Manasseh. Thadeus alikuwa ameshainama kufunga viatu.